Kurasa Arobaini Kila Jumamosi

Pangani, Kibaha

Mwanangu Salome,

Kesho alfajiri unapanda basi la Tabora. Sanduku lako nimelifunga mwenyewe, kwa hiyo sitakuandikia habari za shuka, ndala wala dawa ya mbu. Vyote vimo, na usipoviona ujue hukutafuta vizuri. Sitakuambia ule nini wala ulale saa ngapi. Una miaka ishirini. Mambo hayo kama huyajui mpaka leo, barua haitakusaidia.

Naandika saa tisa mchana. Wewe umekwenda kijijini Masaki kumuaga bibi yako, na najua hutarudi kabla ya giza, maana bibi hawezi kukuacha uondoke bila kukupikia. Huko nje mafundi wanafyatua tofali za mwisho za leo, mashine inapiga kelele yake, na mimi nimekaa kwenye meza ya kulia najaribu kukuambia jambo ambalo kwa miezi kumi na moja nimeshindwa kukuambia tukiwa tunatazamana. Tunaongea, ndiyo. Tunaongea chumvi, maji, umeme umekatika, lori la mchanga limefika. Lakini tangu Jumamosi ile hujanisimulia kitu hata kimoja, wewe ambaye ukianza kusimulia ulikuwa hunyamazi mpaka ugali unaungua.

Jumamosi ile unaijua. Hata hivyo nitaieleza tangu mwanzo, kwa sababu mwanzo wake hukuwepo, na mwisho wake huujui.

Nyumba ya Mwalimu Ngonyani, ile ya bati la kijani ukikata kushoto baada ya zahanati, tofali zake ni zangu. Elfu mbili na mia nne, za inchi sita. Siku napeleka gari la tatu nilisimama getini nikihesabu vijana wanavyoshusha. Unajua ninavyohesabu. Simu inaweza kuita, mtu anaweza kunisalimia nikamjibu, mvua inaweza kuanza, namba haitoki kichwani. Siku hiyo ilitoka. Nilikuwa kwenye mia tatu arobaini na kitu, dirishani kwa Mwalimu zikaanza kupigwa fidla, nyingi, zinafuatana kama watu wanaoitana kutoka shamba hili hadi shamba lile. Nilipokuja kushtuka gari lilikuwa tupu. Kijana mmoja akauliza nani amefariki, maana muziki wa namna ile sisi tumezoea kuusikia redioni nchi ikiwa inaomboleza.

Mwalimu akatoka. Ni mstaafu, mtu wa Songea, amefundisha muziki karibu maisha yake yote. Akaniuliza, kwa utani, kama nimependa. Nikamwambia sijui kinachopigwa ni nini, ila kile kipande cha mwanzo kimerudi mara tano, na mara ya nne kimekatwa, hakikufika mwisho. Akasema ana wanafunzi aliowafundisha muhula mzima na hawakusikia hilo. Kisha akanikaribisha kwenye kikao chao cha Jumamosi.

Sijawahi kukuambia maneno yale yalinifanya nini. Nilikuwa na miaka arobaini na mmoja. Tangu nimalize darasa la saba pale Masaki, hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba najua kitu ambacho hakiuzwi.

Kwenye kikao walikuwa watatu, mimi wa nne. Mwalimu mwenyewe, Mama Shirima mfamasia, na Wakili Mushi, yule anayekwenda Dar kila siku na kurudi kila siku na kulalamikia foleni kila siku. Wote watu wa bara, wote wamesoma, wote wamekuja Kibaha kutafuta kiwanja. Mimi peke yangu ndiye mwenyeji, na mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nauliza choo kiko wapi kwa sauti ya chini.

Walikuwa na utaratibu wao. Kabla Mwalimu hajawasha spika, kila mtu anaweka mezani kitabu anachokisoma. Si ulichomaliza, si unachotarajia kuanza. Kitabu ambacho uko katikati yake, na alama yako imo ndani. Unasema umefika ukurasa wa ngapi, unasimulia kinachoendelea, wengine wanauliza, wanabishana. Halafu muziki, saa nzima, na wakati wa muziki hakuna anayeongea. Mwalimu alisema mtu asikilizaye muziki bila kusoma anasikia vyombo tu. Mimi sikuelewa, ila niliitikia kwa kichwa.

Siku ya kwanza sikuwa na kitabu. Wakaniuliza nasoma nini siku hizi. Nikawajibu ukweli, kwamba nasoma kijitabu cha mashine mpya ya kufyatulia tofali, niko ukurasa wa kumi na nane, pale wanapoeleza jinsi ya kubadilisha mkanda.

Wakili Mushi akasema, "Na mwisho wake unasikitisha, Mama Tofali, au mkanda unapona?"

Wakacheka. Hawakucheka vibaya, nitakuwa mkweli. Mama Shirima alinigusa mkono akanisogezea chai. Mimi nikacheka kuliko wote. Lakini jina la Mama Tofali likabaki, na pale nilipokuwa nimekaa nikaapa kwamba hawa watu hawatacheka tena.

Sasa nikupe neno moja ambalo nimelipata kwa shida. Mtu akikuuliza huko Tabora unasoma nini, mwambie unachosoma. Kama ni maandishi ya nyuma ya pakiti ya sabuni, sema ni pakiti ya sabuni. Wacheke. Kicheko cha siku moja nilikikimbia, nikalipa miaka mitatu na miezi mitano, na aliyelipa zaidi ni wewe.

Maana nilipofika nyumbani nilikukuta umekaa kwenye ngazi ya jikoni na kitabu cha maktaba ya shule. Ulikuwa kidato cha pili. Nikakuuliza hicho kinahusu nini. Ulishangaa, sikuwahi kukuuliza. Ukanisimulia tukiosha vyombo, ukaiga sauti za watu wote waliomo mpaka za mbuzi. Jumamosi iliyofuata nikakibeba, nikaweka kipande cha kadi ya harusi kwenye ukurasa wa arobaini, nikasimulia ulichonisimulia. Mwalimu akaegemea kiti. Wakili hakutania.

Basi, nikawa nimekuajiri. Kila Ijumaa jioni uniambie. Kama umekawia nilikuuliza, na kama umechoka nilikupikia chapati, nikajiona mama mwema. Ulipomaliza kimoja nilikutuma maktaba ukachukue kingine, na nilianza kuchagua mimi, vinene, vya mambo ya siasa na historia ambavyo Wakili angevistahi. Wewe ulitaka hadithi za wapelelezi. Nilikuambia hizo ni za watoto.

Utauliza kwa nini sikusoma mwenyewe. Kusoma najua. Nilijiambia sina muda, na huo nao ni uongo, kwa sababu mtu mwenye saa tatu za kukaa kwenye kochi la Mwalimu ana muda. Ukweli ni kwamba vitabu vilinitisha. Tofali nikizihesabu mwisho napata jumla. Kitabu unakimaliza, unakifunika, na hakikupi jumla. Nilijaribu mara mbili, nikajikuta nimesoma mistari huku mawazo yangu yako kwenye saruji, nikaona bora nikuachie wewe.

Alama ndiyo niliyoisimamia mwenyewe. Kila wiki niliisogeza kurasa arobaini. Wiki hii arobaini, wiki ijayo themanini, ya tatu mia moja na ishirini. Nilijisifu kwa hilo. Niliona waongo wengine wanakamatwa kwa sababu hawana hesabu, uongo wangu mimi una hesabu.

Bibi yako atakuwa ameshakuambia kuhusu babu yako na mkaa, ila hili nadhani hajakuambia. Babu hakujua kuhesabu kupita ishirini. Lori likija kuchukua magunia pale Masaki mimi ndiye nilikuwa napita nyuma yake nikimnong'oneza, na yeye anamtajia mnunuzi namba kwa sauti kubwa kana kwamba ameitoa kichwani mwake. Siku moja niliruka magunia mawili. Mnunuzi akabisha, wakahesabu upya, babu akaaibika. Akanigeukia mbele ya watu akasema huyu mtoto hesabu zimempita. Nilikuwa na miaka tisa na nilikuwa nimemhesabia kwa mwaka mzima bila kosa. Sikuandikii hili unihurumie. Nakuandikia ujue kwamba nilikuwa najua kabisa jambo lile linavyouma, na bado nikalifanya.

Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, kemia ulipata F. Uuguzi uliokuwa unautaka tangu darasa la tano ukafungwa mlango. Mimi nilikasirika kama mtu aliyeibiwa. Tulikwenda Masaki wiki ile ile, na uani kwa bibi, mama zako wadogo wakiwa wamekaa wanamenya mihogo, nikasema kwa sauti kila mtu asikie, "Huyu hadithi ndizo zimemmaliza. Usiku na mchana hadithi. Nimemlea mwenyewe, nimekosea wapi?"

Uliendelea kumenya. Hukuinua hata macho. Mama mdogo akakuambia pole, ukamjibu ahsante. Ungeweza kusema sentensi moja tu pale, na mimi ningezama ardhini. Nilisubiri uiseme. Ulipokaa kimya nilipumua, Salome. Ndivyo nilivyokuwa: nilipumua, na nikachukua muhogo uliomenya nikaula.

Nimepiga hesabu wiki hii, maana ndicho ninachokiweza. Nilihudhuria Jumamosi mia moja sabini na moja. Mara kurasa arobaini ni kurasa elfu sita mia nane na arobaini. Vitabu ishirini na tisa. Tuseme ulisoma kurasa ishirini kwa saa, hiyo ni saa mia tatu arobaini na mbili ulizonipa ukiwa mwanafunzi, na sijaweka za kunisimulia. Kemia ya vidato vile haikuhitaji hata nusu yake. Hii hesabu ningeweza kuipiga siku ile uani kwa bibi. Nilikuwa na akili ile ile.

Ukaamua kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Asubuhi uko hapa unaandika oda za tofali, jioni unakwenda tuisheni. Na Ijumaa bado nikakuuliza, "Tumefika wapi?" Nilisema tumefika. Mimi na wewe.

Ndipo ikaja ile Jumamosi. Mtihani wako ulikuwa Jumatatu. Kitabu kilikuwa cha yule mjane mshona nguo, alama ilikuwa ukurasa wa mia moja na sitini, na Ijumaa jioni uliniambia hujapata nafasi. Nikakuambia jitahidi, kesho zamu yangu ni ya kwanza. Ukafunga daftari la kemia. Ukakaa kimya kama dakika mbili, halafu ukanisimulia.

Mjane ana binti aliyeondoka kwenda mbali. Kila mwaka anamshonea gauni, anakadiria mwili kwa kukumbuka, analikunja, analiweka sandukuni. Miaka inapita. Binti anarudi ni mtu mzima, mama anafungua sanduku, na hakuna gauni hata moja linalomtosha. Binti anachukua la juu kabisa, analivaa hivyo hivyo, mikono imetokeza, mgongo haufungiki, anamshika mama yake mkono wanakwenda sokoni katikati ya watu, na anamtazama kila mtu usoni.

Niliyasimulia hayo kesho yake kwa Mwalimu, neno kwa neno. Kichwa changu kinashika. Lakini nilikuwa nimeyabeba kama ninavyobeba oda ya mtu, sikuyasikia. Mama Shirima alivua miwani akajifuta. Wakili alisema hajawahi kukutana na sura kama hiyo. Na Mwalimu, ambaye macho yake yameanza kufifia hata hawezi kusoma tena bila kioo cha kukuzia maandishi, akasema, "Mama Salome, nisomee hapo sokoni. Nataka kuyasikia maneno ya mwandishi mwenyewe."

Wakati huo huo uliingia na hotpoti la mihogo niliyoisahau nyumbani. Ulisema shikamooni, wakaitika, ukasimama pembeni ya mlango.

Nikafungua ukurasa wa mia moja na sitini. Majirani wanagombania mpaka wa kiwanja. Nikageuza mbele kurasa tatu, bado wanagombana. Nikageuza nyuma. Hakuna sanduku, hakuna gauni, hakuna soko. Na kumbe mjane mwenyewe hana binti, ana watoto wawili wa kiume. Wakili akauliza kama toleo langu lina kurasa za siri.

Nilikuwa na njia mbili, na zote mbili niliziona waziwazi. Nikakunyooshea kidole. Nikasema, "Huyu mtoto ni mwongo. Amenidanganya."

Sikusema zaidi na wala haikuhitajika. Uliweka hotpoti juu ya meza, ukaweka na sahani nne na uma nne. Ukawaaga mmoja mmoja kwa heshima, na mimi pia ukaniaga. Ukaondoka. Jumatatu ukafanya kemia ukapata B.

Hapo ndipo unapoishia wewe kujua. Haya yafuatayo huyajui.

Sikwenda tena kwa Mwalimu. Nilijiambia nimewakasirikia. Muziki niliusikiliza kwenye simu, kwenye ile stoo ya saruji, nikiwa nimefunga mlango ili mafundi wasiniulize nani amefariki. Nahesabu bado vipande vinavyorudi. Najua kimoja kinarudi mara kumi na moja. Hakuna wa kumwambia.

Wiki mbili zilizopita, barua yako ya chuo cha uuguzi ikiwa imeshafika, nilikwenda. Sikubeba kitabu. Niliwakuta wote watatu mezani, nikakataa kukaa. Nikawaambia vitabu vyote ishirini na tisa vimesomwa na binti yangu, kwamba wakati ule mimi sikusoma hata kimoja, na kwamba ile sura ya magauni aliitunga mwenyewe usiku mmoja kabla ya mtihani kwa sababu nilimlazimisha. Nilikuwa nimejiandaa kwa mshangao wao. Niliogopa sana mshangao wao.

Hawakushangaa. Mama Shirima akatazama kikombe chake. Wakili akakohoa, akasema, "Mama Salome, sisi tulijua."

Walijua tangu mwezi wangu wa pili pale. Kurasa arobaini kila Jumamosi. Alisema hakuna msomaji duniani anayesoma arobaini kamili kila wiki, kuna wiki mtu anasoma tisini hafumbi jicho, na kuna wiki anasoma mbili anakitupa pembeni. Mimi nilikuja na arobaini wiki ya upimaji wa viwanja, wiki ya malaria, nikaja na arobaini hata wiki tuliyomzika kaka yangu. Hiyo ya kaka yangu ndiyo iliyowamalizia mashaka. Tangu hapo yeye na Mama Shirima walikuwa wanawekeana dau la soda kabla sijaingia, kama leo nitatoka kwenye arobaini. Mama Shirima alipoteza kila mara. Wakili aliniambia hilo kama kitu cha kuchekesha, ili anipunguzie.

Mimi niliyejiona nimejenga uongo wenye hesabu, ni hesabu ndiyo iliyoniumbua.

Mwalimu alisema hawakutaka kuniaibisha. Akasema pia, kwa upole wake ule, kwamba walijua kuna mtu nyuma yangu anayesoma vizuri sana, na kwamba Jumamosi zile walikuwa wanakuja kumsikiliza yeye.

Nikamuuliza, "Na mlimwacha afeli kemia mkimsikiliza?"

Akasema, "Hatukujua habari za kemia."

"Hamkuuliza."

"Na wewe, Mama Salome?"

Nilitoka. Nimewakasirikia mpaka leo, usidhani naandika hapa nikiwa nimetulia. Watu wazima watatu, wamesoma, wanajua muziki upi ulitungwa na mtu akiwa kiziwi na upi akiwa na njaa, wanaona mtoto anatumika wiki hadi wiki, na wanachofanya ni kununuliana soda. Wangeniambia mwezi ule wa pili, ningelia siku tatu na wewe ungebaki na saa mia tatu zako. Lakini swali la Mwalimu nimerudi nalo nyumbani, na kila nikijaribu kuwalaumu linasimama mbele. Wao hawakukuzaa.

Mwalimu amenipigia simu mara mbili. Anasema nikuambie kiti kipo, kwa jina lako mwenyewe. Nimemwambia unakwenda Tabora. Nakuletea salamu hizo kwa sababu ni zako, ila usinijibu kuhusu hilo.

Leo saa nne, baada ya bodaboda yako kuondoka, nilimpigia bibi yako. Nilitaka akusubiri akiwa anajua. Nikamwambia ile F ilikuwa yangu, na maneno niliyosema uani kwake yalikuwa uongo. Halafu akasema, "Unaniambia mimi wa nini? Mimi ndiye niliyefeli?" Akakata. Nitawaambia na mama zako wadogo, mmoja mmoja, ila nimeelewa nilichoambiwa. Ndiyo sababu ya barua hii.

Wewe si mwongo. Hiyo ndiyo sentensi niliyotakiwa kuisema mlangoni kwa Mwalimu, na ilikuwa na maneno matatu tu. Mwongo nilikuwa mimi. Ulichonipa wewe Ijumaa ile hakikuwa uongo, ulitoa cha kwako ukanipa nikavae mbele za watu, na nilipoona hakinitoshi nikakutupia.

Sikuombi unisamehe kabla basi halijaondoka. Nimekuagiza vya kutosha, sitaki na msamaha uwe oda nyingine yenye siku yake ya kupeleka. Kesho nitabeba sanduku mpaka stendi. Ukitaka kunyamaza, nyamaza, nitasimama na wewe hivyo hivyo.

Lakini kuna jambo moja nimelifanya na unatakiwa kujua. Kabla sijakwenda kuwaambia akina Mwalimu, kitabu cha yule mjane nilirudi nikakisoma, chote, kwa wiki tano. Siku nyingine kurasa tatu, siku nyingine thelathini na mbili. Nilikuwa natafuta kama kuna mahali popote pameandikwa kitu kinachofanana na magauni yale. Hakuna. Mwandishi hakukiwaza. Ni chako peke yako, na hakipo popote duniani ila kichwani mwako, kama hujakifuta kwa hasira, na kichwani mwangu.

Kwa hiyo nimekiandika. Kiko kwenye karatasi nne zilizobanwa nyuma ya hii, kwa mwandiko wangu wa darasa la saba, kama ulivyonisimulia, na juu kabisa nimeweka jina lako kamili. Lakini kuna sehemu mbili zimenitoka. Uliniambia magauni sandukuni yalikuwa mangapi, na mimi, mimi nisiyesahau namba, nimesahau. Na sikumbuki binti alimwambia mama yake nini walipofika katikati ya soko. Najua alimwambia kitu.

Hapo pote nimeacha mistari mitupu. Nilikaa na kalamu mchana kutwa, na sikuijaza.

Mama yako